Kaseti za zamani ziingie kwenye simu: mwongozo wa kazi yote, kutoka mashine hadi faili

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, iwe mtaa wa Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi, kuna boksi la kaseti ambalo hakuna anayethubutu kulitupa wala anayeweza kulisikiliza. Ndani yake kuna kwaya ya parokia, hotuba za harusi, sauti ya babu akisimulia ukoo, mechi ya Mazembe iliyonaswa redioni, na barua za sauti zilizotumwa kwa mkono wa msafiri hadi Kolwezi au Kamina enzi ambazo simu ilikuwa ya ofisini na ya wachache. Watu hudhani utepe umeoza. Mara nyingi sivyo. Utepe uliokaa mahali pakavu miaka 40 bado unatoa sauti. Kilichokufa ni mashine ya kuuchezesha, na mashine mbovu ndiyo inayoua kaseti nzima. Kwa hiyo kazi hii inaanzia kwenye mashine.

Kuna jambo moja la kutusaidia. Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963 walipanga vipimo ambavyo havikuguswa tena: utepe wenye upana wa karibu milimita 3.8, unaokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Walkman ya Sony ikaja 1979, CD ikaja 1982, zikafuata VCD, flashi na simu, na miaka yote hiyo kaseti ilibaki ileile. Iliyorekodiwa 1970 inaingia kwenye redio-kaseti ya 2005 bila swali. Mwenye droo iliyojaa chaja za simu zisizoingiliana anajua bahati hiyo ni kubwa kiasi gani.

Kabla ya yote, vunja vijino

Kwenye mgongo wa kaseti, upande wa pili wa pale utepe unapoonekana, kuna vijino viwili vya plastiki. Shika kaseti uso A ukikutazama, utepe ukiwa chini. Kijino cha kushoto kinalinda uso A, cha kulia kinalinda uso B. Ingiza ncha ya bisibisi ndogo na uvivunje vyote viwili. Kuanzia hapo kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na hakuna mtoto wala fundi mwenye haraka atakayefuta sauti ya marehemu kwa bahati mbaya. Kama vijino vilishavunjwa na mtu akaziba tundu kwa skochi ili arekodi juu yake, bandua hiyo skochi. Fanya hivi kwa boksi zima kabla kaseti hata moja haijaingia kwenye mashine.

Mashine

Ukienda kutafuta redio-kaseti au deki sokoni mtaa wa Kenya au kwa fundi wa mtaani, nenda na kaseti usiyoijali, yenye muziki wa kinanda au gitaa, pamoja na spika za masikioni. Deki ya kuweka rafuni, yenye matundu mawili ya sauti nyuma, jekundu na jeupe, ndiyo bora. Redio-kaseti yenye tundu la spika za masikioni inatosha. Walkman ndogo ni chaguo la mwisho: mota yake ni nyepesi, na mwendo unayumba.

Weka kaseti uicheze. Sikiliza noti ndefu: ikipanda na kushuka kama inayumbayumba, mkanda wa mpira umechoka au roli imekuwa ngumu. Sasa fungua mlango wa kaseti na bonyeza kitufe cha kucheza bila kaseti ndani. Mihimili miwili inayoingia kwenye matundu ya kaseti itaonekana. Mmoja lazima uzunguke. Mguse kwa kidole: ukisimama mara moja bila kushindana, usinunue, au nunua ukijua kwamba kuna kazi ya kufanya kwanza.

Huo mhimili ndio siri ya kaseti kuliwa, kwa hiyo ni vizuri kuuelewa. Utepe hauvutwi na gurudumu la kaseti. Unasukumwa na kifimbo chembamba cha chuma kinachozunguka, huku roli ya mpira ikiubana juu yake. Vitu hivyo viwili vinatoa utepe kwa mwendo uleule bila kuchoka. Kazi ya mhimili wa kupokea ni kukusanya kinachotoka. Ukiteleza au ukisimama, kifimbo hakijui, kinaendelea kutoa. Utepe unamwagika ndani, unajiviringisha kwenye roli, na baada ya sekunde chache una fundo. Basi, mashine inapokula kaseti, mara nyingi kosa liko kwenye mkanda wa mpira au kwenye kigurudumu cha mpira kinachozungusha mhimili huo, wala si kwenye kaseti.

Mkanda, ule mafundi wanauita courroie, unabadilishwa hivi. Chomoa umeme na utoe betri. Fungua nyuma, piga picha ya kila hatua kwa simu ili urudishe nyaya zilikotoka. Mkanda wa zamani una sura mbili: umelegea, au umeyeyuka na kuwa kama lami nyeusi. Wa pili unahitaji uvumilivu. Futa lami yote kwenye puli ya mota na kwenye gurudumu zito kwa pamba yenye alkoli, mpaka chuma king'ae, kwa sababu tone moja linalobaki litafanya sauti ipige kwikwi kila mzunguko. Kupata saizi ya mkanda mpya, zungusha uzi mwembamba mahali mkanda unapopita, pima urefu wake, kisha toa asilimia 5. Uzi wa milimita 200 unaomba mkanda wenye mzingo wa milimita 190 hivi. Ukikaza mno utaua mota, na ukilegeza utarudi kwenye kuyumba. Mpira wa ofisini wa kufungia karatasi usiutumie kamwe, hata ukiingia vizuri: unene wake si sawa kote, na sauti itapinda.

Kisha usafi. Unahitaji vijiti vya pamba na alkoli ya famasi ya nyuzi 90. Ile ya 70 ina maji mengi zaidi. Ukiitumia, subiri dakika kumi ikauke. Acha petroli, manukato na asetoni. Asetoni inayeyusha plastiki. Sugua kichwa cha kusomea, kile kipande cha chuma kinachong'aa kinachogusa utepe, mpaka kijiti kitoke cheupe. Sugua kifimbo cha chuma huku kikizunguka. Kwa roli ya mpira tumia maji yenye sabuni kidogo, si alkoli nyingi, maana alkoli inakausha mpira ukapasuka. Hapa kwetu, kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linaingia hata kwenye boksi lililofungwa, hivyo rudia usafi baada ya kila kaseti tatu au nne. Goma, vumbi la mawe ya volkano linakwaruza zaidi. Rudia baada ya kila moja.

Yamebaki marekebisho mawili, na hapa ndipo wengi wanaacha nusu ya sauti kwenye utepe.

La kwanza ni mwinamo wa kichwa. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu mbili, moja ina springi chini yake. Hiyo yenye springi inainamisha kichwa kushoto au kulia. Mashine iliyorekodi kaseti yako mwaka 1984 haikuwa na mwinamo sawa na yako, na tofauti ndogo tu inakula sauti zote kali: herufi "s" inapotea, kayamba linakuwa kama mchanga uliolowa. Cheza kaseti yenyewe unayotaka kuhamisha, sikiliza kwa spika za masikioni, na zungusha skrubu robo mzunguko polepole upande mmoja, kisha mwingine. Kuna mahali ambapo sauti inafunguka ghafla. Acha hapo. Usiende zaidi ya mzunguko mmoja, na uhesabu ulikozungusha ili uweze kurudi. Kwenye redio nyingi kuna kitundu mlangoni kilichowekwa kwa ajili ya bisibisi hiyo, ambacho karibu hakuna anayekiona.

La pili ni mwendo. Tafuta kaseti ya kiwandani yenye wimbo ambao unao pia kwenye simu, toleo lilelile. Pima muda wa wimbo kwenye vyote viwili. Wimbo wa dakika 5 ukitofautiana kwa sekunde 3, mashine imepotoka kwa asilimia 1, na unaweza kuiacha. Sekunde 10 ni nyingi. Mota nyingi zina kitundu nyuma. Ndani kuna kiskrubu cha mwendo. Kigeuze kidogo sana, kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki.

Umeme

SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya kaseti, si mwisho wa dunia: utepe unasimama pale roli inapobana, unabaki na alama ndogo, na unaanza tena. Kibaya zaidi ni umeme ukirudi na volti za juu. Njia salama ni laptopu ifanye kazi kwa betri yake na redio kwa betri pia. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: vyote viwili vikiwa kwenye ukuta, mara nyingi unasikia mvumo mzito wa hezi 50 chini ya sauti, kwa sababu nyaya za ardhi za mashine mbili zinakutana kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja ya laptopu, na mara nyingi mvumo unakufa palepale.

Redio inayotumia betri 6 kubwa inataka volti 9. Kama una betri ya sola ya volti 12, kipande cha 7809 chenye bati la kupooza kinashusha volti hadi 9 bila kelele. Vile vibodi vidogo vya kushusha volti vyenye koili ni vya bei rahisi na havipati moto, lakini vingi vinapenyeza mluzi kwenye sauti. Kabla ya kuchomeka, angalia mchoro ulio kando ya tundu la umeme la redio. Redio nyingi za zamani zina hasi katikati, kinyume na chaja nyingi za leo, na ukikosea unaweza kuichoma.

Kaseti

Isome kwanza kwa macho. Kioo kidogo cha katikati kinaonyesha utepe: ukiwa umekusanyika sawasawa, vizuri, ukiwa na matuta na mikunjo, itabidi uupitishe kwa mkono. Unga mweupe juu ya utepe ni kuvu. Kaseti zilizokaa Bukavu karibu na ziwa huwa nao zaidi kuliko zetu. Kaseti yenye kuvu usiichomeke kwenye mashine uliyoisafisha sasa hivi. Iweke siku kadhaa mahali pakavu penye hewa, vaa barakoa, pangusa kwa brashi laini nje ya nyumba, kisha ipitishe mwanzo hadi mwisho kwa kalamu huku ukifuta utepe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kalamu ya Bic yenye pembe sita inaingia barabara kwenye tundu la kaseti, na ndiyo chombo cha kwanza cha mwenye kaseti. Geuza utepe mizunguko michache kwa mkono. Ukigoma, gonga kaseti bapa mara mbili juu ya kiganja, si juu ya meza. Ukienda laini, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo kwa mashine, mara moja, bila kuicheza. Utepe uliolala miaka 30 katika mkao mmoja umejibana. Safari hiyo inausawazisha.

Angalia urefu ulioandikwa. C60 ina utepe wa mita 86 hivi, C90 karibu 130, C120 zaidi ya 170, na zote zinaingia kwenye kasha lilelile. Ndiyo maana utepe wa C120 ni mwembamba, nusu ya unene wa C60, na ndio unaokatika na kuliwa kwanza. C120 yenye kitu cha maana icheze mara moja tu, ukiwa unarekodi, na usitumie kitufe cha kukimbiza, tumia kalamu.

Matatizo matatu utayakuta. Moja, sauti iko mbali na upande mmoja hausikiki: tazama katikati ya mdomo wa kaseti, pale panapotakiwa kuwa na kipande kidogo cha sponji au sufi juu ya kibati cha springi. Gundi yake huzeeka na kipande kikadondoka. Kichukue kwenye kaseti nyingine isiyo na thamani na ukibandike kwa tone dogo la gundi nyuma tu.

Mbili, utepe umekatika. Kama kasha lina skrubu tano, lilaze uso A juu, fungua, inua kifuniko polepole. Kama limegundishwa, lipasue kwenye mstari wa kuungana kwa kisu butu, na uandae kasha jingine la skrubu la kuhamia. Ndani utakuta karatasi mbili laini, magurudumu mawili, roli ndogo pembeni, kibati na springi. Usisogeze kitu kabla hujapiga picha. Panga ncha mbili za utepe ziguse bila kupandana, ukiwa umezikata pamoja kwa mshazari. Unga kwa skochi maalumu ya tepe kama umeipata, upande wa ndani, ule unaotazama gurudumu. Upande wa nje ndio wenye sauti na ndio unaogusa kichwa. Skochi ya kawaida ya ofisini gundi yake hutambaa na kunasisha mizunguko ya jirani. Ukilazimika kuitumia, kata kipande chembamba kuliko utepe, cheza kaseti siku hiyohiyo, na uiondoe baadaye.

Tatu, kaseti inapiga mlio kama mlango mkavu. Karatasi laini za ndani zimekauka au utepe umepoteza mafuta yake. Kuhamia kasha jipya mara nyingi kunatosha. Usimwagie mafuta ya cherehani, tafadhali. Kuna mafundi wanaofanya hivyo, na utepe huo hauchezi tena.

Waya

Njia ya kuweka simu mbele ya spika na kurekodi kwa maikrofoni ni ya kukata tamaa. Unapata sauti ya chumba, jogoo wa jirani na pikipiki, na kaseti kwa mbali. Waya ndio kila kitu.

Kwa kompyuta: kama mashine ina matundu mekundu na meupe, chukua waya wa pini hizo mbili unaoishia kwenye pini ya milimita 3.5. Kama ina tundu la spika za masikioni, waya wa pini 3.5 pande zote mbili. Tatizo ni kompyuta. Laptopu nyingi za leo zina tundu moja tu, na sehemu ya maikrofoni ndani yake ni ya upande mmoja (mono) na ina wepesi mno wa kunasa: inatarajia milivolti chache, wewe unaileta nusu volti. Matokeo ni sauti iliyopasuka ambayo hakuna programu itakayoitengeneza. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, lakini soma kasha: inatakiwa kuwa na tundu la kuingizia laini la stereo. Zile za bei rahisi zenye alama ya maikrofoni pekee zina udhaifu uleule.

Kwa simu yenye tundu la spika, unaweza kulehemu waya mwenyewe. Pini ya simu ina mapande manne. Kwenye simu nyingi za leo, kutoka nchani: kushoto, kulia, ardhi, na la mwisho kabisa ni maikrofoni. Kutoka kwenye redio chukua upande wa kushoto, upitishe kwenye rezista ya kiloomu 47, kisha kapasita ya mikrofaradi 1, kisha kwenye pande la maikrofoni. Kati ya maikrofoni na ardhi weka rezista ya kiloomu 2.2. Unganisha ardhi kwa ardhi. Rezista ya kwanza inashusha sauti kufikia kiwango cha maikrofoni, ya pili inaidanganya simu iamini kwamba kuna maikrofoni imechomekwa, na kapasita inazuia volti ya simu isirudi kwenye redio. Utapata upande mmoja tu, ambao kwa hotuba na masimulizi unatosha kabisa. Simu isiyo na tundu inahitaji adapta ya USB-C yenye uwezo wa maikrofoni. Nyingi hazina, zijaribu dukani kabla ya kulipa.

Kurekodi

Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Weka hezi 44100, biti 16. Chagua stereo kwa muziki, upande mmoja kwa mazungumzo yaliyorekodiwa kwa redio ya spika moja. Zima Dolby, mfumo wa kupunguza shhh ya utepe, kwenye deki isipokuwa lebo ya kaseti inasema ilirekodiwa nayo. Vitufe vya besi na treblo viwe katikati.

Volyumu ya redio ianze kwenye theluthi. Tafuta mahali penye sauti kubwa kuliko zote kwenye kaseti, vigelegele vya harusi kwa mfano, na urekebishe mpaka kipimo cha Audacity kifike karibu na -6 bila kugusa 0. Vigelegele ndivyo vinavyowashangaza watu: hotuba ilikuwa kwenye -15, mama mmoja akapiga kigelegele, na mstari wote ukakatwa juu. Ukishapanga, rudi mwanzo, zima arifa zote za kompyuta, anza kurekodi kwanza na kucheza baadaye. Acha uso mzima upite bila kusimamisha. Utakata baadaye.

Ukubwa: stereo inachukua megabaiti 10.6 kwa dakika, upande mmoja nusu yake. C60 nzima ya stereo ni kama megabaiti 635, C90 ni 950 na kidogo. Hifadhi faili hiyo kama WAV au FLAC na uiandike "ghafi". Usiiguse tena. Kila kitu kingine kinafanyika kwenye nakala.

Kwenye nakala, kitu cha kwanza ni mwendo. Kaseti ambayo watu wote wanaongea kama watoto na haraka ina historia ya kawaida sana: ilirekodiwa na betri zilizokaribia kufa. Mota ilikwenda polepole siku ile, na leo mashine yako nzima inaicheza upesi. Tumia amri inayobadilisha mwendo na mlio kwa pamoja, si ile ya mlio peke yake. Kama siku ile redio ilikuwa kwenye umeme wa ukuta, mvumo wake wa hezi 50 umo ndani ya utepe, na unakupa kipimo: fungua mchoro wa masafa, tafuta kilele cha chini kabisa. Ukikikuta kwenye 53, kaseti inakwenda asilimia 6 zaidi. Ipunguze kwa 5.7. Ilikuwa ya betri? Mwite mtu aliyemjua msemaji. Shangazi ataijua sauti ya kaka yake kuliko mchoro wowote. Kama betri zilikuwa zinaisha, kosa linaongezeka kadiri kaseti inavyoendelea, hivyo igawe vipande vya dakika tano na urekebishe kila kimoja.

Halafu lile shhh la utepe. Chagua sekunde mbili zenye utepe mtupu, zichukuliwe kama mfano wa kelele, kisha punguza desibeli 6, zikizidi sana 9. Watu hupenda kuvuta hadi 24 kwa sababu shhh inapotea yote. Na pamoja nayo inapotea pumzi, na sauti inayobaki inalia kama iko chini ya maji. Shhh kidogo haimsumbui mtu baada ya dakika moja.

Kwa kutuma kwa ndugu, toa MP3: kilobiti 64 upande mmoja kwa mazungumzo, na nusu saa itakuwa megabaiti 14 hivi, 128 stereo kwa kwaya, saa nzima karibu 58. Itume kama hati, si kama sauti ya kurekodiwa kwenye WhatsApp.

Jina na tarehe

Faili inayoitwa "audio 3 final" imepotea tayari. Andika mwaka, tukio, mahali, uso: 1986-harusi-Likasi-A. Piga picha ya lebo na karatasi ya ndani ya kasha, uiweke kwenye folda hiyohiyo.

Kama hakuna mwaka, isikilize kaseti yenyewe. Msemaji akiutaja mkoa kwa jina la Shaba, uko kati ya 1971 na 1997. Baada ya hapo jina la Katanga lilirudi. Watu wakiitana "citoyen" na "citoyenne", ni enzi za Zaire. Bei zikitajwa kwa zaïre na makuta, ni baada ya 1967. Zikitajwa kwa faranga za Kongo, ama ni kabla ya hapo, ama ni 1998 na kuendelea. Redio ikisikika nyuma inasoma habari, andika majina yanayotajwa. Anayesema Elisabethville au Jadotville, majina ya kikoloni ya Lubumbashi na Likasi, anaweza kuwa mzee tu aliyezoea, kwa hiyo hilo peke yake lisikupe mwaka.

Kuhifadhi

Flashi za sokoni zilizoandikwa terabaiti 1 kwa bei ya soda kadhaa ni za uongo: ndani kuna gigabaiti chache, na zikijaa zinaanza kuandika juu ya zilichokuwa nazo bila kukuambia. Ijaribu kabla ya kuiamini, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zinajaza flashi yote na kusoma tena kilichoandikwa. Gigabaiti 64 huchukua saa kadhaa, iache usiku umeme ukiwepo. Kisha weka nakala tatu: moja kwenye diski ya nyumbani, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, moja mtandaoni kama una megabaiti za kutosha. MP3 peke yake si nakala. Ghafi ndiyo inayohesabika.

Kaseti usiitupe. Irudishe mwanzo, isimamishe wima ndani ya kasha lake, mbali na spika maana zina sumaku, mbali na dashibodi ya gari.

Na ukimpa fundi kazi hii, mwambie mambo manne kabla hajataja bei: vijino vimevunjwa na vibaki hivyo, kichwa kirekebishwe kwa kila kaseti, unataka faili ghafi ya WAV pamoja na MP3, na kaseti zinarudi zote siku ya kuchukua flashi. Anayekwambia kwamba atazifanya kumi kwa saa moja hajakusudia kuzicheza zote, maana C60 moja peke yake inataka saa nzima.